Taa za Maombi

Siku hizi kanisani kwetu kila kiti kina taa juu ya kichwa cha muumini; ukiomba kwa moyo, inawaka. Mimi, mzee wa kanisa, ndiye niliyeishinikiza kamati izinunue. "Paa livuje tu," nilisema, "mvua si dhambi!"

Jumapili ya kwanza ziliwaka zote, hata ya Mbonea aliyekuwa anakoroma. Yangu tu ikabaki giza, huku bati likinidondoshea maji kwenye upara.

"Baba Nakijwa, taa yako mbovu?" mke wangu alininong'oneza.

"Mbovu kabisa."

Tukabadilishana viti. Ile mbovu ikamwakia yeye.

Miaka arobaini mimi ndiye ninayeombea chakula nyumbani. Mchana ule alinitangulia: "Leo naomba mimi." Katikati ya sala nilichungulia, nikamkuta anatazama juu ya kichwa changu.