Kigae cha Kuombea Moto

Siku hizi serikali hulipia nusu ya gharama za paa lisiloshika moto, pamoja na sola, ilimradi mwenye nyumba asiwashe kuni tena. Milima ya Taita haiungui. Chai huchemka kwa kubonyeza tu.

Jioni moja mjane Mghoi alichukua kigae chake cha kubebea makaa, akaenda kwa jirani yake, Mkawasi.

"Hodi! Naomba moto."

"Moto?" Mkawasi aliuliza bila kufungua mlango. "Kwani sola yako imekufa, Mama Mwandoe?"

Haikuwa imekufa. Ila zamani, aliyekuja kuomba moto hakuachwa aondoke kabla ya kuonja ugali.

"Nikuitie fundi?"

"Niitie," alijibu Mghoi.

Fundi, angalau, angebisha hodi mlangoni kwake.