Ladha Iliyowekwa Rehani

Kwa kuwa hakuwa na kiwanja wala ng'ombe, Sikudhani aliweka rehani ladha yake, kama majirani zake wengi, akapata mkopo wa kuezeka nyumba. Tangu siku hiyo ugali mtupu na kuku wa kukaanga vikawa kitu kimoja mdomoni mwake. Basi pigo hilo akaligeuza akiba. Alikula ugali kwa chumvi mchana na jioni, kitoweo akamwachia mumewe, Kombo, ambaye ndiye aliyekuwa akimwonjea mchuzi jikoni. Deni la miaka mitano akalimaliza kwa mitatu.

Siku aliyorudishiwa ladha alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula alichokiota miaka yote hiyo. Kombo alimkazia macho alipotia tonge la kwanza mdomoni.

"Vipi, mke wangu?"

Sikudhani alitafuna taratibu. Nazi ilimtia kichefuchefu. Ulimi ulikuwa unadai kitu kingine, kibichi na cha baridi, ambacho hajapata kukila maishani.

Akampigia simu karani wa kampuni ya mikopo. "Ladha yangu mlimpa nani aitumie?"

"Samahani, dada, hizo ni siri za wateja," karani alijibu kwa upole. "Ila aliitunza vizuri sana."

Sikudhani akakata simu, akalivuta sinia karibu.

"Utazoea," aliuambia ulimi wake, kama anavyoambiwa mtoto aliyerudi nyumbani baada ya kulelewa na watu, kisha akafinyanga tonge la pili.