Meza ya Mama Vijumba

Mlango wa chumba cha kulala ulitoka bawabani asubuhi, kabla chai haijachemka. Mama Vijumba aliufungua mwenyewe kwa bisibisi, akauburuta hadi sebuleni, akaulaza juu ya makabati mawili ya vyombo.

Mkamwana wake, aliyekuja kumsaidia kazi za nyumbani, alisimama na sufuria mkononi. "Mama, sasa utalala bila mlango?"

"Nani atanichungulia kwa umri huu? Shika huku, tuisogeze meza dirishani."

Wakaisogeza mpaka mwanga ukawa unaingilia kushoto, mkono wa kulia usije ukautia kivuli. Kimo hakikumridhisha. Alikaa, akakunja viwiko, akaagiza makabati yainuliwe kwa vipande vya mbao, kimoja, kisha cha pili. Kwenye ukingo wa mbele alipigilia ufito mwembamba ili vitu vidogo visidondoke. Kwenye kona akafunga jiliwa, kibanio cha chuma cha kushikilia vitu, maana vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo na havikuaminika tena kushika kitu kwa muda mrefu.

"Chuma kitashika," alisema. "Mimi nitakata."

Jina lake alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na moja aliwatengenezea wasanifu majengo mifano ya majumba yao, ghorofa nzima ikienea kwenye sinia. Alipostaafu aliapa hatagusa gundi tena. Kiapo kilidumu miaka sita, mpaka daraja la waenda kwa miguu lilipoanguka mchana kweupe, watu tisa wakafa, na mwanawe wa pekee, injinia aliyelisimamia tangu mchoro hadi kufunguliwa, akaitwa mbele ya tume ya uchunguzi.

Maneno yalizagaa. Dukani watu walinyamaza alipoingia kununua waya wa shaba. Yeye aliwasalimia mmoja mmoja, kwa sauti, akangoja kila mmoja aitikie ndipo akatoka.

"Mume wangu amesema upumzike," mkamwana alimletea ujumbe. "Amesema wakili wake atalimaliza."

"Mwambie mimi ndiye niliyemfundisha kushika rula. Sijachoka."

Wakili alikuja mwenyewe Jumamosi. Akakataa kiti. "Mama yangu, tume ina wataalamu. Ukiingia pale na kitu cha kuchezea, watakucheka."

"Wacheke. Nimechekwa na wasanifu wenye vitambi miaka yote hiyo, na majumba yao yalianzia mikononi mwangu."

Akaondoa kitambaa. Juu ya meza lilisimama daraja lenye urefu wa mkono, limepimwa kutoka kwenye michoro yenyewe: mihimili kumi na minne ya shaba, ngazi pande zote mbili, vishikio vyembamba kama sindano, kila kiungo kimelehemiwa. Wakili aliinama. Akalizunguka. Akakaa kwenye kiti alichokikataa.

"Linabeba uzito?"

Mama Vijumba akaweka matofali mawili juu yake. Halikutikisika.

"Basi tutakuita," alisema wakili polepole. "Wakiona mchoro ulikuwa mzima, watajua kosa ni la yule mchomeleaji."

Mchomeleaji aliyeunga vyuma vya daraja hilo alikuwa mmoja wa wale tisa waliokufa. Hakuwa na wa kumsemea ila mjane wake.

"Niite," alisema Mama Vijumba. "Nitaeleza kilichotokea."

Kesho yake alichukua futi ya kupimia akaenda kwenye kifusi cha daraja. Alirudi viatu vimejaa vumbi, akaenda moja kwa moja mezani. Asubuhi mkamwana alimkuta mezani anakata waya upya.

"Lile limeharibika?"

"Halijaharibika. Nalitengenezea mwenzake."

"La nini tena, mama? Moja linatosha."

"Moja halitoshi."

Aliubana waya kwenye jiliwa. Akakata. Mkamwana alimshika bega. "Utamtoa mume wangu kwenye hili balaa. Najua."

Mama Vijumba alimaliza kulehemu kiungo alichokuwa nacho. "Nisogezee taa, mwanangu," alisema.

Siku ya tume ukumbi ulifurika. Injinia alikaa mstari wa mbele, shati jeupe, mkewe ubavuni. Mama yake alipopita na masanduku mawili, injinia aliinuka nusu, kisha akakaa. Wakili akamtambulisha mama kwa maneno matamu.

Aliyaweka madaraja mawili mezani, moja kando ya jingine. Mtu mmoja huko nyuma akacheka. Mama Vijumba akamsubiri amalize.

Matofali mawili juu ya la kwanza. Likasimama. Matofali mawili juu ya la pili. Likapinda katikati, taratibu, kama mtu anayekaa kwa uchovu, kisha likalala.

Mwenyekiti wa tume alivaa miwani yake, akainama kuliangalia. "Viungo havijaachia."

"Hata kimoja. Fundi alichomelea vizuri."

"Na mihimili?"

"Ihesabu, mheshimiwa. Mimi niliihesabu kwenye kifusi, mara tatu."

Mwenyekiti alihesabu kwa kidole. Akafika tisa badala ya kumi na nne, akarudia.

Wakili alikuwa ameshasimama. "Asante, mama, sasa unaweza kukaa."

"Sijamaliza." Aliweka mkono juu ya daraja lililosimama. "Hili ndilo alilolichora mwanangu."

Akauhamishia mkono kwenye lile lililolala.

"Na hili ndilo alilolijenga."