Mkono Mwingine Kwenye Picha

Mchoraji aliamka kutoka usingizi wa mchana, akaingia kwenye chumba chake cha kazi na kandambili mguu mmoja, akakuta picha imeguswa tena.

Safari hii ulikuwa mstari wa njano, upana wa vidole viwili, umekatiza rangi ya majivu aliyoipaka asubuhi. Rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka, kwa hiyo njano ilikuwa imezoa majivu njiani na kugeuka kijani kwenye kingo. Mstari ulivutwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mke wake alikuwa mashoto.

Akaketi. Hakuuogopa mzimu wa mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile. Aliogopa kilichomrudisha.

Mzee huyu hakuwahi kuanza picha kwa penseli, wala kujua anachora nini. Alichovya kitambaa kwenye rangi na tapentaini, akasugua turubai mpaka doa litokee, kisha akasubiri doa liseme linataka nini kando yake. Akikosea alikwangua kwa kisu, na mara nyingi kilichobaki baada ya kukwangua ndicho alichokuwa akikitafuta. Waandishi wa magazeti walipomuuliza maana ya picha zake, aliwaambia waulize mkono, yeye ni mbebaji tu. Siku hizi kichwa kilimtupa mkono, majina ya wanawe aliyachanganya, lakini mkono wenyewe haukusahau kitu.

Na picha hizo zilikuwa za watu wawili tangu zamani, ingawa saini ni moja. Yeye alipaka asubuhi. Akilala mchana, mkewe aliingia, akaongeza alama moja tu, akatoka. Hawakusemezana kuhusu picha hata siku moja. Mzee aliamka, akaijibu ile alama kwa rangi. Hivyo ndivyo walivyogombana, na hivyo ndivyo walivyopatana.

Nesi aliingia na chai, akiburuta mguu kidogo kama kawaida yake. Alikuwa mama wa makamo, mpole, anaishi humohumo ndani. Mzee alimwita nesi tu kwa sababu jina lilikuwa linamponyoka.

"Mke wangu amekuja," mzee alimwambia.

Nesi aliitazama picha. "Umejuaje ni yeye?"

"Nani mwingine anaweza kuniharibia picha ikawa nzuri?"

Nesi alicheka kidogo, akaweka chai. Hapo mzee akamsimulia jambo ambalo aliamini hajamwambia mtu. Mkewe aliteleza kwenye ngazi, akamwita. Yeye alikuwa ameshika kisu, doa jekundu limeanza kusema naye baada ya wiki tatu za kimya, akajibu, "Ngoja nimalizie hapa." Akamalizia. "Nilipotoka sasa..." Hapo maneno yalimkatikia, akarukia msibani: watu walijaa mpaka barabarani.

"Hujawahi kunionyesha kaburi," nesi alisema.

"Ni mbali," mzee alijibu upesi. Ukweli ni kwamba hakulikumbuka, na jambo hilo lilimtisha kuliko mzimu.

Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama amesamehewa. Juzi alama ilikuwa nyeusi tii, leo njano, naye hakuweza kusema kama hiyo njano ni msamaha au ni kejeli.

Siku iliyofuata alipaka doa jekundu, la kwanza tangu ile ajali, akaliacha bila kulijibu. Baada ya chakula akakataa kwenda kitandani. Alivuta kiti mbele ya turubai, akanywa kahawa vikombe viwili, akaanza kusinzia kabla kikombe cha pili hakijapoa. Akamwomba nesi akae pale chumbani.

"Usingizi utanizidi," alisema. "Akija, muulize kama bado ana kinyongo na mimi. Muulize hivyohivyo, usimpambe maneno."

"Na akisema anacho?"

"Basi sichori tena." Hakuwa anatania, na nesi alijua.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Pembeni ya doa jekundu kulikuwa na buluu laini, imepakwa kwa kiganja, inalikumbatia doa bila kuligusa. Mzee aliitazama mpaka macho yakamwuma. Nesi alikuwa amesimama dirishani, amempa mgongo, mikono kaificha kwenye aproni.

"Amekuja?"

"Amekuja."

"Amesemaje?"

Akiwa bado anatazama nje, nesi alisema mke alimsikia vizuri siku ile alipojibu ngoja. Alilala pale chini ya ngazi akisikiliza kisu kikikwangua, akamchukia kila kilipokwangua. Alikasirika mwaka mzima.

"Lakini hasira zimeisha," nesi alisema. "Anasema uendelee kuchora. Bado ana alama za kuongeza."

Mzee alilia kwa sauti, bila haya, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Alipojifuta uso aliona mabega ya nesi nayo yanatetemeka. Alijisikia vibaya. Alijikongoja hadi dirishani, akamwekea mkono begani.

"Pole, nesi. Kumbe kifo cha mke wangu kimekuumiza na wewe."

"Asante," akajibu mkewe, na hiyo ilikuwa mara ya nne wiki hiyo kupewa pole ya kifo chake mwenyewe.