Karatasi ya Bei

Siku ya tisa ya hija yetu ya miguu, kama kawaida, nilimkuta mume wangu kwenye banda la kahawa la njiani, kikombe cha kwanza kimeshaisha. Kila alfajiri hutangulia, eti mimi najikokota.

Leo alikuwa amejinyoosha kwenye benchi, amesinzia, nyayo za viatu zikinitazama.

Soli zangu zimelika. Ya kulia nimeifunga kwa kamba. Zake zilikuwa na meno yote, na kwenye kisigino cha kushoto bado kimebandikwa kikaratasi cha bei.

"Karibu, mama," alisema muuza kahawa. "Dereva wake wa pikipiki hakukaa hata kunywa. Kamshusha, huyo, kaenda zake."

Mume wangu akafumbua macho. "Goti lilinisumbua, mke wangu. Nimepanda leo tu."

Muuza kahawa akajifanya anasugua birika.

Nadhiri tuliiweka pamoja, mikono yetu juu ya kitanda cha binti yetu hospitalini: sote wawili, kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, kabla hajapasuliwa Ijumaa.

Nilikibandua kile kikaratasi, nikakibandika kwenye kikombe chake.

Simu yake ikaita. Saa ya kahawa ndiyo saa ya binti yetu kutuuliza tumefika wapi. Akaninyooshea mimi.

"Pokea mwenyewe," nilisema, nikabonyeza spika.

"Baba," kilisema kisauti chembamba, "miguu bado inakuuma?"