Maneno Kumi Kabla ya Jumatatu

"Sabuni?" binti aliuliza.

Mwalimu aliipiga meza kwa kiganja hadi kadi zikaruka. Kadi aliyoishika ilikuwa na neno moja tu, *ufunguo*, naye alikuwa amelieleza kwa namna ambayo hata mtoto wa chekechea angelipata: kitu cha kufungulia mlango, na asiye nacho hulala nje. Sabuni imetoka wapi?

Mchezo wenyewe waliuiga kutoka katika televisheni. Kule, mshiriki hueleza neno bila kulitaja, mwenzake hulikisia, na nusu dakika ikiisha kengele hulia. Hapa nyumbani kadi zilikatwa kutoka katika boksi la viatu, na kengele ilikuwa kifuniko cha sufuria. Muda nao binti aliuchezea atakavyo: kwanza nusu dakika ikageuka dakika mbili, kisha saa ikaondolewa mezani kabisa. Hata maneno yalishushwa hadhi. Washiriki wa televisheni walipewa *uadilifu* na *mshikamano*. Yeye, aliyefundisha fasihi miaka kumi na tisa, akapewa kijiko na kitanda.

Angeivumilia dharau hiyo, lau si sharti la mumewe. "Siku utakayotufanya tukisie maneno kumi, Mwalimu, nitakupigia pasi gauni la kazini kwa mkono wangu mwenyewe." Wiki saba za kukaa nyumbani, tangu alipoanguka darasani na kukimbizwa hospitali, zilikuwa zimemfika shingoni. Mwalimu mkuu alikubali kumngoja hadi Jumatatu. Baada ya hapo, kidato cha nne kingekabidhiwa mtu mwingine. Leo ilikuwa Jumamosi, na tangu saa nane mchana walikuwa wamepata maneno mawili.

Alichukua kadi nyingine. *Mvua*. Akaeleza mawingu, akaeleza mwavuli, akaeleza nguo zinazoanuliwa mbio.

Mumewe, fundi saa, aliitazama midomo yake kwa jicho lile lile alilolitumia kutafuta punje ya vumbi ndani ya saa ya mkono. "Ni... ng'ombe?"

"Ng'ombe!" Mwalimu alicheka kicheko kikavu. "Baba watoto, miaka yote hii umelala na mwalimu, ukaamka mtupu?"

"Polepole, mke wangu. Hatuna haraka."

"Ninyi hamna. Mimi ninayo!"

Ndipo shaka ilipomwingia. Haiwezekani nyumba moja ikakusanya wajinga wawili wa kiwango hicho. Mume alikwisha kuzoea chakula cha moto kila mchana. Binti alikwisha kuzoea kukuta nguo zake zimefuliwa na kukunjwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wakishindwa makusudi.

"Mmepanga," alisema. "Mnataka nioze jikoni."

Binti alimtazama baba yake, kisha akauinamisha uso. Machozi yalimlengalenga. Mwalimu, aliyekwisha kuwanasa wezi wa mitihani wasio na idadi, aliijua sura ya mtu mwenye hatia.

"Tujaribu tena, Mama," binti alisema taratibu. "Ile kadi uliyopigia meza. Tena."

Simu ya binti ilikuwa imeegemezwa kwenye jagi la maji, ikirekodi. Vyema! Mwalimu aliinyakua. Angempelekea mwalimu mkuu ushahidi huo, asikie kwa masikio yake jinsi mtu anavyohujumiwa chini ya paa lake mwenyewe.

Binti aliruka kutoka kitini. "Mama, hiyo usi..."

"Mwache," mumewe alisema, akamshika binti mkono. "Mwache asikilize."

Mwalimu alirudisha nyuma hadi kwenye kadi ya ufunguo, akabonyeza.

Sauti ilikuwa yake hasa: ya darasani, tulivu, yenye vituo mahali pake.

"Povu la jana," ilisema, "linafua mlango. Bila povu unalala kiatu, jamani, unalala kiatu! Povu. Povu la Jumatano."