Siku za Roukia

Mchana wa Ramadhani, mlango wa jiko umerudishwa, Koulsoum alikuwa anakula muhogo wa nazi huku machozi yanamtoka. Hakuwa mgonjwa, hakuwa msafiri, wala hakuwa katika siku zake. Kando yake wifi yake, Roukia, naye alikuwa anakula, kimya, macho kwenye sahani.

Kwa Roukia si dhambi, alijiambia. Mwanamke aliye katika hedhi hafungi wala haswali. Lakini yeye Koulsoum damu aliiona mara mbili tu kwa mwaka. Miaka minne tangu aolewe mjini Mahajanga aliificha siri hiyo, kama alivyozificha ndevu za kidevuni kwa kujipaka liwa. Mama mkwe, Bi Kouraichia, haulizi mtu. Anatazama tu nani yuko kwenye msala na nani hayuko. Mke asiyekosa hata sala moja angejulikana mara moja kwamba haoni damu, na asiyeona damu atazaa nini? Basi Roukia akichelewa tu kutia udhu, Koulsoum naye anaukunja msala wake. Alimwonea haya Mungu, jamani, na kila baada ya Idi alizilipa siku zile moja moja.

Mwaka huo, 1994, Idi ilipopita, alikuja daktari mwanamke kufanya utafiti juu ya wanawake wasiopata siku zao sawasawa. Alisema mayai yanakwama kwenye vifuko vyake, hayatoki, na kwamba iko dawa ya kujaribu. Bi Kouraichia hakuijua siri ile, lakini kwa kutaka mjukuu akamkokota mkwewe mpaka zahanati, maana alishasema wazi: Maulidi yakipita hana mimba, mumewe Saindou atamrudisha kwao, kisiwani Nosy Be. Roukia naye akaandikishwa, awe mfano wa mzima wa kulinganishia. Kila mmoja akapewa kadi ya kutia alama siku za damu, miezi mitatu.

Koulsoum angeiachaje kadi yake tupu, na mama mkwe anaikagua kila Ijumaa? Akaijaza kwa siku za Roukia.

Miezi ilipokwisha, daktari alizilaza kadi mbili mezani mbele yake. Alama zililingana siku kwa siku. Akamwuliza taratibu ni nani aliyemwiga mwenziwe, kwa sababu dawa ni ya asiyepata damu, na mwenye kadi kama ile haihitaji.

Uso ulimshuka Koulsoum. Kusema ni kukiri kwamba amekula Ramadhani nne mfululizo. Kunyamaza ni kurudi Nosy Be.

"Ni mimi," alisema. "Yangu ya uongo. Ya Roukia ndiyo ya kweli."

Daktari hakumgombeza. Alimwandikia dawa, akaitia kadi ya Roukia kwenye faili la wanawake wazima.

Roukia alikuwa anamsubiri barazani. Harusi yake ilikuwa mwezi unaofuata, na nyumbani walishaanza kuchagua majina ya wajukuu. Koulsoum alikaa karibu naye, akamweleza yote bila kuinua macho, akamwomba radhi kwa kuziiba siku zake miaka yote ile.

 Roukia akamshika mkono.

"Wifi," alisema, "mimi tangu uje sijaona damu hata mara moja. Siku zote nilikuwa nakufuata wewe, hata kwenye kadi."